Viganja vya Dinosaria wa Tengeru

Philemoni wa Kaloleni alikuwa fundi wa sanamu za saruji, na si fundi wa kubabaisha. Simba wake walikuwa wakibwekewa na mbwa. Vidole aliviacha hadi mwisho siku zote, kwa kuwa hapo ndipo fundi hujulikana.

Dinosaria wa bustani ya watoto kule Tengeru, yule mla nyama, alimpa vidole vitatu vitatu na viganja vya kutazama chini, kama mchungaji anavyonyoosha mikono kubariki usharika. Akaridhika kabisa. Siku ya kupaka rangi kichwa akateleza jukwaani, mkono wa kulia ukavunjika karibu na kifundo. Mfupa ukaunga, lakini vibaya: kiganja kikabaki kinatazama ubavuni, hakigeuki juu wala chini. Miezi mitano hakushika mwiko. Alimwambia mkewe Ndeshi kwamba anapumzika tu, na Ndeshi, kwa huruma, akajifanya ameamini.

Ndipo akaitwa bustanini. Mwalimu Anneth, aliyesomea mifupa ya wanyama wa kale, alikuwa amekuja kuikagua sanamu.

"Shikamoo, baba. Kazi ni nzuri sana. Ila mikono siyo."

"Marahaba. Siyo vipi?"

"Huyu hakuweza kugeuza viganja chini. Vilitazamana hivi, kama mtu anataka kupiga makofi. Kifundo kilijikunja kando tu, kama bawa la kuku."

Philemoni akautazama mkono wake mwenyewe, akacheka kicheko kisicho na raha. "Kumbe alikuwa kama mimi. Sasa alikula vipi, mwalimu?"

"Kwa meno, baba. Mikono ilisaidia tu kushikilia."

"Aa. Basi amenizidi."

Hakutaka kubembelezwa. Alivivunja viganja kwa nyundo, akasuka waya upya, na hilo liliwezekana. Kisha akachota udongo wa saruji kwa mwiko. Kuubandika kunataka kifundo kigeuke, chake kiligoma. Udongo ukaanguka. Akachota tena, ukaanguka. Akajaribu kwa kushoto, ukashika, lakini vidole vikatoka kama viazi. Alivicheka yeye wa kwanza, halafu akashindwa kucheka. Iliuma, tena iliuma vibaya, maana hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. La kuvunda halina ubani.

Anneth alisema angengoja hata mwezi.

"Usingoje," Philemoni akamwambia. "Lemburis wa Nduruma ana mikono mizuri. Mwite yeye."

Akauosha mwiko vizuri, akaufuta kwa shati lake, akauacha juu ya mfuko wa saruji ili Lemburis aukute.