Daktari wa macho, meno, mifupa na moyo, na jicho la mama yangu

Wakuu, salamu kutoka Voi. Wengi wenu mnanijua kwa kutia chumvi, lakini leo chumvi nimeiacha jikoni. Nina hasira ya kuchemsha sufuria.

Mama yangu anakaa Makwasinyi, anasuka vikapu vya mkonge tangu dunia iumbwe. Mwaka huu akaanza kulalamika kichwa, na maua anayoyasuka kwenye kikapu yakaanza kumpotea machoni. Kwake hiyo ni aibu kuliko kulala njaa.

Nikamleta huku mjini Voi.

Kuna kliniki moja, signboard ndefu kama trela: macho, meno, mifupa, moyo, ngozi, akina mama, watoto. Daktari ni mmoja.

Nikafurahi! Sisi tuliotoka vijijini tuna huo ugonjwa: ukishafika Voi unataka shida zote ziishe kabla gari la kurudi halijajaa.

Bwana daktari akammulika macho na tochi ya simu.

"Macho yako sawa, mama. Hii inatoka kwa jino. Nakutuma kwa specialist wa meno, chumba cha pili."

Tukahamia chumba cha pili, tukangoja. Mlango ukafunguka. Ni yeye yule! Amevaa tu aproni.

"Karibu mama, shida ni gani?"

Mama akanigeukia. "Huyu si yule wa saa hii?"

"Ni yeye, mama."

"Sasa mbona anauliza tena?"

Jino likang'olewa. Tulienda na jicho, tukarudi na pengo.

Wakuu, mimi kidato cha nne nilikisoma jioni baada ya kazi, na hesabu peke yake ilinitoa mvi hadi kwa kope. Huyu mwili mzima aliusoma lini?

Kabla ya msimu wa mvua kuanza, jicho la kushoto likazima kabisa.

Tukakimbia hospitali ya serikali. Daktari wa zamu, dada mmoja mpole, akaangalia kidogo tu.

"Mama, mimi si mtu wa macho na hii siwezi kubahatisha. Nenda kliniki ya macho sasa hivi. Usipitie popote."

Wa macho akapima: presha ya macho. La kushoto halirudi tena. La kulia limewahiwa, ila ni dawa ya matone kila siku ya maisha yake.

Nikarudi kumuuliza yule dada wa zamu, daktari anaweza kuwa bingwa wa vitu vingi?

"Viwili vinavyokaribiana, wapo, na wamezeeka wakisoma. Hivyo vyote? Muulize vyeti."

Nilichojifunza: anayekwambia "hii si yangu" ndiye daktari. Anayejua kila kitu, shika mzee wako mkono mtoke.

Jana mama amemaliza kikapu, amekiinamia kwa upande wa kulia hadi shingo ikakauka. Ua limekaa sawasawa. Akanikabidhi.

"Mpelekee yule wa vyumba viwili. Mwambie atie vyeti vyake humu, tuone kama kitajaa."

Kesho nakipeleka. Nani hapa amewahi kuonyeshwa vyeti vya watu kama hawa? Semeni, nasoma zote.