Mapaa Yasiyovuja

Mji mzima ulimwita Fundi Juu, kwa sababu ukimtafuta chini humpati. Kazi yake ilikuwa kuezeka mabati, na kwa miaka kumi na minane alikuwa ameshakanyaga mapaa ya karibu kila nyumba pale. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Akiwa kazini alishika misumari mdomoni, na ukimsemesha alikujibu kwa kuguna. Wateja wake walishajifunza kutofautisha mguno wa ndiyo na mguno wa hapana. Mkewe, aliyekuwa mcheshi kwa niaba ya wote wawili, alizoea kusema kwamba hata siku ya posa bwana huyu aliguna tu mbele ya wazee, ikabidi shangazi yake atafsiri.

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Walikaa mtaa wa chini, mguuni mwa kilima, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo aliiezeka mwenyewe, kwa mikono yake.

Siku kilima kilipoporomoka, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumua. Fundi alikuwa upande wa juu wa mji, kwenye duka la mikate, ambako maji yalikuwa yakiingia stoo ya unga na mwenye duka anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Saa saba na nusu mchana simu yake ikalia. Alikuwa mkewe.

"Mume wangu, huku nyuma ya nyumba kuna kitu. Ardhi inanguruma. Kama lori limewashwa halafu haliondoki."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Ni mvua tu. Usitoke ukalowa bure. Kaa ndani, nikimaliza hapa nakuja."

"Haya," akasema mkewe.

Dakika kumi baadaye mtaa wa chini haukuwepo. Nyumba thelathini na mbili zilifunikwa na tope, mawe na miti iliyong'oka na mizizi yake.

Walichimba siku nne, kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Tope lilikuwa limekisogeza kila kitu, mtu hakujua amesimama juu ya sebule ya nani. Fundi aliitambua nyumba yake kwa misumari. Kila fundi ana mkono wake, na yeye kwenye ukingo wa bati hupiga misumari miwili miwili, imekaribiana, na kwa nyumba yake tu alipiga mitatu mitatu. Aliona kipande cha bati kilichojikunja kimechomoza, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Hapa. Hii ni yangu." Walimpata mkewe mchana wa siku ile, jikoni. Alikuwa ndani, kama alivyoambiwa akae.

Hilo la simu hakumwambia mtu.

Mama mkwe wake alisafiri siku mbili kwa basi kuja mazishini. Alikuwa mama mfupi mnene, mshonaji wa sare za shule huko kwao, mjane wa miaka mingi, na marehemu alikuwa mtoto wake wa pekee. Wageni wengine walipoanza kuaga, yeye hakuaga. Fundi alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya lile duka la mikate, basi mama akachukua cha ndani, yeye akabaki cha nje, katikati wakaweka pazia. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali, na sasa umbali wenyewe ulikuwa kitambaa.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka, baba. Na wewe?"

"Nimeamka."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo. Aliyewaunganisha hakuwepo, na kila mmoja alimwogopa mwenzake kama mtu anayeogopa kugusa kidonda. Mama alipika, fundi alikula akashukuru. Mama alimfulia mashati, fundi akaona aibu, akaanza kufua mwenyewe alfajiri kabla mama hajaamka, na mama akaanza kuamka mapema zaidi. Vita hivyo viliendelea wiki kadhaa bila mmoja wao kuvitaja.

Kazi, ajabu, ziliongezeka. Karibu kila siku mtu alikuja: "Fundi, paa langu linavuja." Fundi anabeba ngazi, anapanda, anakagua bati kwa bati, msumari kwa msumari. Hakuna tundu. Anashuka anakuta beseni limewekwa sakafuni katikati ya chumba, kavu kabisa.

Wa kwanza alikuwa karani mstaafu wa posta, mzee nadhifu aliyepoteza dada na wapwa wawili. Fundi alimwambia, "Mzee, paa lako ni zima."

"Panda tena," karani akasema.

"Nimeangalia lote."

"Nakuomba, kijana wangu. Panda tena."

Fundi akapanda tena. Akachagua sehemu isiyo na shida, akapiga misumari minne ambayo haikuhitajika, akiipiga kwa nguvu ili isikike vizuri chini. Aliposhuka, yule mzee alikuwa amekaa kitini amefumba macho, mabega yamelegea. Tangu hapo fundi hakubishana tena na mtu. Ukisema linavuja, linavuja. Kuna mwalimu mmoja wa kike aliyesema wazi: "Halivuji. Sitaki kuisikia mvua, basi." Huyo alimwekea dari ya mbao na juu yake akapanga magunia yaliyojazwa maranda. Habari zikaenea, na baada ya mwezi alikuwa akiziba sauti ya mvua nyumba hadi nyumba.

Walikuja pia vijana wenye fulana za bluu, wametumwa kusaidia walioumizwa moyoni. Walikuwa na nia njema na karatasi nyingi. Binti mmoja mpole alikaa na mama mkwe kibarazani, akamuuliza huzuni yake aipe alama ngapi, kuanzia moja hadi kumi.

Mama akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe andika ile itakayowapendeza wakubwa zako."

Fundi, aliyekuwa akinoa mkasi wa bati pembeni, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka bila ruhusa. Mama akageuka, na kwa mara ya kwanza macho yao yalikutana bila kukimbiana.

Mawingu ndiyo yalikuwa kipimo cha kweli. Yakijikusanya tu, maduka yalifungwa, watoto walichukuliwa darasani, na mji wote ulipanda kwenda shule ya sekondari, iliyojengwa juu ya mwamba. Mama mkwe siku ile ya maporomoko hakuwepo, alikuwa mbali anashona, lakini woga wa wengi unaambukiza kama mafua. Akiona wingu alivaa viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, akisubiri fundi aseme twende.

Mwezi wa nane tangu msiba, mvua kubwa ya kwanza ikaja. Ilikuwa adhuhuri. Watu mia tatu na zaidi walijazana ukumbini, ukumbi wenye paa pana la bati lisilo na dari, na mvua ilipoligonga hakuna aliyeweza kumsikia jirani yake. Watoto walilia lakini uliona vinywa tu. Wanaume walisimama wameegemea ukuta, wamekunja mikono kwapani, wanatazama sakafu.

Ndipo muuza mkaa aliposimama. Alikuwa mama mkakamavu, mwenye ulimi mkali sokoni, na tangu maafa hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi. Alipanda juu ya benchi akapaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka: "Nilimfungia! Mama yangu! Nilimfungia mlango kwa nje!"

Waliokuwa karibu wakageuka.

"Alikuwa anatangatanga, akili imezeeka! Niliogopa atanyeshewa! Nikafunga, nikaondoka na ufunguo! Ninao mpaka leo!"

Mwenye duka la mikate alimshika mkono asianguke. Kisha karani mstaafu akapiga kelele naye, kitu kuhusu dada yake na ugomvi wa wiki nzima, nusu ya maneno ikamezwa na mvua. Mwingine akafuata, na mwingine. Hawakuwa wakisemezana. Kila mmoja alikuwa akilitupia lile bati neno lake mwenyewe, na kelele ile waliyoikimbia miezi minane sasa iliwafunika kama blanketi.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni na mama mkwe ubavuni pake. Alijua mvua ikikatika hatapata tena ujasiri. Akainama, akausogeza mdomo karibu na sikio la mama.

"Alinipigia," akasema. "Alisema ardhi inanguruma. Nikamwambia ni mvua tu, akae ndani. Angetoka, mama. Mimi ndiye niliyemwambia akae."

Mama hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, mikono juu ya mkoba. Fundi hakujua kama amesikia, na kurudia hakuweza.

Mvua iliisha kama saa kumi. Kilima hakikusogea. Watu walishuka kimyakimya, wengine wameshikana mikono. Nyumbani mama alipika kama kawaida, akamwekea fundi chakula, akaingia nyuma ya pazia. Asubuhi fundi alipoamka kufua mashati yake, hakukuta mtu wa kushindana naye. Kitanda kilitandikwa vizuri na viatu havikuwepo. Mwenye duka la mikate alimwambia kwamba mama alipita na mzigo wake, akapanda basi la kwanza.

Kwa hiyo alisikia.

Fundi hakumfuata. Angemfuata akamwambie nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Aliendelea kupanda mapaa, ila sasa mikono ilikuwa mizito, na siku moja alikaa juu ya nyumba ya mteja tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama bila kupiga hata msumari mmoja. Mwenye nyumba hakumwita. Alimwacha akae, akaegesha ngazi vizuri isije ikaanguka.

Muuza mkaa alianza kupita kwake siku moja moja, anaacha mkaa kidogo mlangoni. Wawili hawa sasa walisalimiana kama watu waliosoma darasa moja.

Wiki ya sita, siku ya jua kali, fundi alirudi mchana kuchukua kamba akamkuta mama mkwe ameketi kibarazani juu ya mzigo wake. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alivuta pumzi. "Nilisikia. Usije ukadhani sikusikia. Nilisikia neno kwa neno."

Fundi akasimama na kamba mkononi.

"Nilikwenda nikuchukie kwa raha zangu, mbali, nisikuone ukifua mashati alfajiri kama mwizi. Nikakuchukia kweli. Nilikuchukia wiki mbili nzima, sili, silali. Halafu majirani wanakuja kunipa pole, wananihadithia mwanangu. Wanamjua mtoto wa shule. Alivyoanguka kisimani, alivyoiba sukari. Hakuna hata mmoja anayemjua mtu mzima. Huyo unaye wewe peke yako." Akajipangusa uso kwa upindo wa khanga. "Nimekosa pa kwenda, baba. Ndiyo maana nimerudi. Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Sasa nipeleke pale. Sijawahi kupaona."

Ni kweli, katika miezi yote ile hakuwahi kushuka mtaa wa chini. Waliteremka pamoja, polepole. Tope lilikuwa limekauka na kuota majani marefu, na hapa na pale vijiti vilikuwa vimesimikwa, vimefungwa vitambaa. Fundi alitafuta kwa macho, akapiga hatua akihesabu kutoka kwenye jiwe kubwa, akasimama.

"Hapa palikuwa mlango. Nadhani. Jikoni ni huku."

"Alikuwa amesimama au amekaa?"

"Sijui, mama."

Mama alipatazama pale muda mrefu. Kisha sauti ilimtoka, kali, ikaruka hadi kilimani: "Si ungemwambia atoke tu! Neno moja! Atoke!" Akampiga fundi kifuani kwa ngumi zote mbili, mara tatu, nne. Fundi hakurudi nyuma wala hakujikinga.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ningemwambia atoke."

Mama akaketi chini kwenye majani, pale pale. Fundi naye akaketi, mbali kidogo, kisha akasogea. Wakalia wote wawili, kila mtu kwa namna yake: mama kwa sauti, fundi kwa mabega tu.

Jua lilipoanza kushuka, mama alisema bila kumtazama, "Haya, nieleze. Ukirudi kazini alikuwa anakwambia nini?"

Fundi alifikiri. "Alikuwa anasema, 'Leo umeguna mara ngapi?'"

"Na wewe unamjibu nini?"

"Naguna."

Mama aliinamisha kichwa, na kitu kama tabasamu kilimpita usoni kikaondoka. Akamnyooshea fundi mkono amwinue. Njia ya kupanda ilikuwa na kokoto zinazoteleza, kwa hiyo fundi alimshika mkono juu ya kiwiko, wakapanda hivyo, wakisimama kila baada ya hatua chache mama apumzike.