Silaha Haiwekwi Chini

Kwetu Ufipa mtoto hamsalimii mkubwa akiwa amesimama wima. Unachuchumaa, unainamisha kichwa, unapiga makofi taratibu, na unaendelea kupiga mpaka mwenyewe akuitikie. Hapo ndipo habari zinaanza: za shamba, za mvua, za wagonjwa. Nilifundishwa hivyo na mama, ambaye hakuwa mtu wa kurudia jambo mara mbili, na nilikwenda na desturi hiyo jeshini bila hata kujua kwamba nimeibeba.

Chuo tulichosomea uofisa kilikuwa nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, ukishaipita Kizwite, mahali ambapo upepo wa Julai hauna kitu cha kuuzuia. Filimbi ilipigwa saa kumi na moja kasoro alfajiri. Ndani ya dakika tano uwe umevaa, umetandika, umesimama nje kwenye mstari, na sajini apite na rula yake kupima mkunjo wa shuka. Niliona wanaume wenye shahada zao wakilala sakafuni kwenye baridi ile, kisa wasivuruge kitanda walichokwisha kukitandika. Baada ya mchakamchaka, kwata. Baada ya kwata, bwalo, na ugali ulikuwa bado mdomoni tukiamriwa kusimama. Siwezi kusema nilipapenda. Lakini nilipataka, na kupataka mahali usipopapenda ni mateso ya aina yake.

Nilipataka kwa sababu ya nyumbani. Baba yangu ni mkulima wa mahindi na ulezi, njia ya kuelekea Ilemba, na mimi ndiye mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kufika hapo. Wakati naondoka, mama alikuwa na uvimbe tumboni, na hospitali ya mjini walikuwa wamekwisha kumrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, yale ambayo ukiyasikia unajua. Hakukubali nibaki. "Nenda," alisema. "Mimi nitakusubiri." Baba akanisindikiza mpaka barabarani. Simu zetu zingefungiwa ofisini miezi yote ya mwanzo, kwa hiyo akaniambia: "Habari ya mama yako haitapita kwenye simu ya ofisi. Ikibadilika, nitakuja mwenyewe." Tangu siku hiyo nikawa nalitazama lango la chuo kwa hofu.

Kanuni zilikuwa nyingi, ila iliyokuwa juu ya zote ni hii: silaha haiwekwi chini. Unakula nayo mapajani, unakwenda nayo chooni, ukiichoka unaihamishia mkono mwingine. Wiki ya sita tulikuwa kwenye matembezi marefu uwandani, kombania nzima, mizigo mgongoni. Njiani akatokea mzee mmoja akiswaga ng'ombe wake wanne. Wenzangu wakampita. Mimi, kwa uchovu nafikiri, au kwa sababu alivaa koti kama la babu yangu, miguu ilikunjika yenyewe. Nikachuchumaa. Na kwa kuwa makofi hayapigwi ukiwa na bunduki mkononi, nikailaza kwenye majani, nikampigia mzee makofi. Aliitikia vizuri sana, akaanza hata kuniuliza mimi ni wa ukoo gani.

Sajini alisubiri mzee aende zake. Kisha seksheni yetu nzima, watu wanane, tukatambaa kwa viwiko kutoka pale mpaka kwenye mto, na sasa nasema bila aibu kwamba nililia. Jioni nikaitwa mbele ya mkuu wa kombania. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana aliniogopesha zaidi. Akaniambia hilo ni onyo la mwisho. Nikiiweka chini tena, kwa sababu yoyote ile, ninakwenda kulima na baba yangu.

Jirani yangu wa kitanda cha juu, kijana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Mbeya wakafungua duka Majengo, alikuwa amechunika viwiko vyote viwili kwa ajili yangu. Hakununa. "Mfipa," alisema, "siku nyingine piga makofi moyoni." Seksheni nzima ikacheka, nami nikacheka, maana walikuwa na haki ya kunitania. Wengine, kwa zile sifa za uchawi wa Sumbawanga, tangu siku ya kwanza walikuwa wakiniuliza kama naweza kuwatumia radi masajini. Ningeiweza, nisingesubiri kuombwa.

Baba alikuja siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, siku ambayo si ya wageni. Nilikuwa zamu ya lindo langoni, bunduki kifuani, na nyuma yangu kwenye dirisha la chumba cha walinzi alikuwa amekaa sajini yuleyule. Nilimwona baba akiteremka kwenye fuso la mahindi upande wa pili wa barabara. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alijikung'uta vumbi, akavuka, akaja mpaka kwenye mstari mweupe uliochorwa chini, akasimama.

Nilijua amefuata nini. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba sikujua. Nilijua tangu mguu wake wa kwanza ulipogusa lami.

Alinitazama akisubiri salamu. Hakuna baba wa Kifipa anayeanza kumweleza mwanawe habari nzito kabla mwanawe hajamsalimia, na sikuweza kumsalimia. Magoti yalikuwa yanatetemeka. Yalitaka kwenda chini. Nikayakaza. Nikasema, nikiwa nimesimama wima kama mlingoti:

"Shikamoo, baba."

Aliitazama bunduki, akanitazama usoni, akatazama dirisha lililokuwa nyuma yangu.

"Marahaba, afande," alisema.

Sajini akatoka. Simlaumu, alikuwa na heshima zake, alimwamkia baba, akamuuliza, "Mzee, una shida gani tukusaidie?"

"Sina shida," baba akajibu. "Nilikuwa napita mjini, nikasema nimwone kijana."

"Sasa umemwona?"

"Nimemwona. Amenenepa."

Ningeweza kuuliza. Neno moja tu, mama, wala halina haja ya kuweka silaha chini. Kanuni ilikataza mlinzi kuzungumza, lakini haikuwa kanuni iliyonifunga mdomo. Niliogopa jibu. Nikamwacha baba avuke barabara, nikamwona akinunua muhogo wa kuchoma kwa mama mmoja pale kituoni, akiugeuza mkononi bila kuula, mpaka gari likaja likamchukua. Zamu ilipokwisha nikajiambia kwamba lingekuwa jambo kubwa angelisema. Nilijiambia pia kwamba amekasirika kwa sababu sikuchuchumaa, na siku moja nitamwomba radhi. Usiku ule, Mungu anisamehe, nililala usingizi mzuri.

Siku ya tisa tangu baba aje, niliitwa kutoka kwenye gwaride. Mkuu wa kombania alinipa pole, akanipa ruhusa ya siku nne, na akaniazima jaketi lake la kiraia, nisisafiri kwa baridi ile. Nilifika kijijini wakati wanakwisha kujenga kaburi. Wanawake wa kigango cha kanisa letu walikuwa wameanza kukunja mikeka. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, penye jua, na watu wakanipisha nipite mpaka mbele yake.

Nilichuchumaa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Aliitikia, akaniita nikae karibu, na nilichokuwa nimepanga kusema njia nzima, kwamba anisamehe, kiligeuka hasira mdomoni mwangu.

"Ulikuja langoni," nilisema. "Ulikuja kuniambia, ukaondoka. Kwa sababu ya salamu, baba?"

"Si kwa sababu ya salamu."

"Basi kwa nini?"

"Magoti yako yalikuwa yanacheza," alisema. "Niliyaona. Mama yako alikuwa anakuita, hilo ndilo nililolifuata. Nikajua nikilitamka utaiweka ile bunduki chini mbele ya yule mtu. Ungeiweka?"

"Ningeiweka."

"Ndiyo maana sikusema."

"Hiyo ilikuwa juu yangu kuamua," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko ilivyofaa msibani, mpaka shangazi yangu akageuka kututazama.

Baba hakunikaripia. Alichukua muda mrefu akiyaondoa makapi ya mahindi kwenye suruali yake.

"Niliporudi aliniuliza kama tumeonana," alisema. "Nikamwambia tumeonana. Akauliza, amekusalimu vizuri? Nikasema umenichuchumalia pale langoni, umenipigia makofi mbele ya wakubwa zako wote. Alifurahi sana. Kisha akauliza kama nimekuambia."

Sikutaka asikie pumzi yangu. Niliinamisha kichwa.

"Ningesemaje? Nikamwambia nimekuambia, na kwamba unakuja."

Kisha akamalizia, kwa sababu baba yangu si mtu wa kuacha kazi nusu.

"Siku zote tisa, kila gari lililosimama barabarani, alituomba tumwinue akae. Hakutaka umkute amelala."