Majuma Manane ya Maziwa ya Kopo

Harufu ya ngege, yule perege wa ziwani, akitumbukia kwenye mafuta yanayochemka haijanitoka puani hadi leo. Pale ufukweni Kisumu, nyuma ya safu ya vibanda vya chakula, ilianza kupanda saa nne asubuhi na kuchanganyika na moshi wa makaa, ndimu zilizokatwa na magugumaji yaliyokuwa yakioza ukingoni mwa ziwa. Kibanda cha tatu kutoka majini kilikuwa cha shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyowaita dada za baba zao. Wavuvi walikula kwake, makarani walikula kwake, na wote walitii sheria yake moja: hakuna aliyeinuka kwenye benchi lake akiacha ugali sahanini. Ukijaribu, alikusimamia mikono kiunoni mpaka tonge la mwisho liingie kinywani. Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyemshinda.

Sikumshinda kwa ubishi. Kila nilipokula, tumbo lilinisokota kana kwamba mtu anakamua nguo iliyolowa, kisha nikakimbilia chooni, wakati mwingine mara saba kwa siku. Kila zahanati mjini ilikuwa na jina lake la ugonjwa wangu: amiba, taifodi, minyoo. Nilimeza dawa za minyoo mpaka nadhani hata minyoo ya majirani ilikufa. Sketi ya shule ikaanza kufungwa kwa pini. Watu wakanong'ona kwamba ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaosemekana kuiandama nyumba iliyovunja mila. Wengine wakashusha sauti zaidi na kuutaja ugonjwa mwingine, kwa kuwa baba alikuwa amefariki. Waya aliwafukuza wote na mwiko wake mkononi. Hata hivyo alikuwa na maelezo yake mwenyewe, na hakuyaficha. Mama yangu alizaliwa katika familia ya Waislamu wa mjini, ambao babu yao alitoka pwani akifanya biashara, na nyumbani kwetu tulikula wali mara nne kwa juma. Kwa Waya, hicho hakikuwa chakula. Yeye aliwalea wadogo zake, baba yangu akiwemo, kwa ugali wa mtama na muhogo, dagaa wa ziwani tunaowaita omena, na mboga chungu ya osuga, na hakuna aliyewahi kulalamikia tumbo. Mimi, alisema, nilikuwa na utumbo wa wali.

Baada ya mwaka mzima wa kubahatisha, daktari mmoja aliingiza kamera tumboni mwangu akaona vidonda. Alisema huo ni ugonjwa wa Crohn. Alituchorea bomba kwenye karatasi akatueleza kwamba kinga ya mwili wangu ilikuwa ikiushambulia utumbo wangu mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimeingia ndani zaidi. Sehemu moja ya utumbo ilikuwa imevimba hata njia ikabaki nyembamba kama mrija wa soda. Ningemeza dawa, na kwa majuma manane ningekunywa maziwa ya kopo tu, yale yanayotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, bila chakula kingine chochote isipokuwa maji. Uvimbe ukipungua, ningerudishiwa chakula kidogo kidogo. Usipopungua, wangenipasua na kukikata kipande kile. Mama aliuliza maswali mengi. Mimi nilikuwa na moja tu, kama kukatwa utumbo kunauma, nami sikuliuliza.

Maziwa yale yalinukia vanila, na nyuma ya vanila kulikuwa na ladha ya bati. Mama aliyapima kwa kijiko kabla ya kwenda kwenye cherehani yake sokoni, akaniacha kwa Waya na chupa mbili, kwa kuwa daktari alikuwa amenipumzisha shule mpaka nipone. Tumbo lilijaa, sitasema uongo. Njaa niliyokuwa nayo ilikuwa ya meno. Nilikaa nyuma ya kibanda nikisikiliza watu wakivunja mkia wa samaki uliokaangwa ukakauka, nikajua kwa sauti peke yake nani alikuwa akifyonza kichwa na nani alikuwa bado ubavuni. Waya alinipita akitikisa kichwa. Mtoto hawezi kupona kwa kunyonya chupa, aliwaambia wateja, nao walikubali, maana huku kwetu mtu ambaye hajashika ugali hajala, hata awe amekula nini. Lakini juma la tatu maumivu yalikatika. Juma la nne mizani ikapanda na mama akatoa pini kwenye sketi. Maziwa yalikuwa yanafanya kazi, na kila mtu aliliona hilo, hata Waya.

Juma la tano, siku ya Alhamisi, wateja walipopungua mchana, Waya aliketi kula chakula chake. Hakupenda samaki wa biashara. Alijipikia ugali wa mtama, mweusi na mzito, omena waliokaangwa kwa nyanya, na osuga iliyolazwa kwenye maziwa. Mvuke ulinifikia pale nilipokuwa. Nikasogea nikamwambia, bila kupepesa macho, kwamba mama amesema naweza kuonja kidogo, na kwamba daktari amekubali. Waya aliniangalia, akaiangalia na chupa yangu. Kisha akanawa mikono upya, ingawa ilikuwa safi, akanikatia kipande cha ugali. Sikuonja. Nilikula kama mtu anayefukuzwa, nikavunja vichwa vya omena kwa meno, nikafuta sahani kwa kidole. Mwenye njaa hana miiko. Sijala chakula kitamu kama kile tangu siku hiyo, na nimekula arusini kwa watu wenye uwezo.

Jioni tumbo likawa gumu kama ngoma. Nilitapika mpaka nikatapika kijani, na asubuhi nilikuwa hospitalini. Daktari aliuliza nilikuwa nimekula nini. Nikasema maziwa tu. Mama naye akaapa kwamba ni maziwa tu, yeye akiamini anachokisema. Daktari akaandika. Kama utumbo umeziba juu ya maziwa matupu, alisema, basi maziwa yameshindwa, na kesho yake asubuhi wangenipasua. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliiona inaelekea moja kwa moja kwenye kisu, na bado sikufungua mdomo. Nilimwogopa mama kuliko kisu. Wakati huo Waya alikuwa amesimama mlangoni akiwa bado amejifunga aproni yake ya kibandani, na alikuwa amesikia.

"Daktari, hii mtoto alikula kwangu jana," alisema. "Ugali ya mtama na omena, sahani mzima. Ni mimi nilimpa."

Daktari aliweka kalamu chini. Alitaka kujua saa ngapi na kiasi gani, kisha akasema hilo linabadilisha mambo: huenda ni chakula kigumu kilichokwama penye njia nyembamba, na kinaweza kupita chenyewe. Wakanitia mpira puani na dripu mkononi, wakasema watangoja. Mama hakumwangalia Waya. Alisema sentensi moja tu, kwa Kiswahili chake cha taratibu cha nyumbani kwao: "Wifi, ungeniulia mwanangu." Waya akajibu, "Ndiyo." Nililala pale nikingoja aseme lililobaki, kwamba nilimdanganya. Hakulisema siku ile wala siku iliyofuata. Siku ya tatu utumbo ulifunguka na hakuna aliyenipasua. Niliona aibu ambayo sikujua niipeleke wapi.

Tulianza majuma manane upya. Safari hii Waya ndiye aliyepima maziwa mchana, kijiko kikisawazishwa kwa kisu, na saa yangu ya kunywa ilipofika alichukua kikombe chake cha uji mwepesi akaketi nami. Chakula chake alikula mimi nikishaondoka. Yalipokwisha, alijifunza kupika wali laini unaopondeka, yeye aliyeudharau. Alichemsha samaki bila mafuta, akamchambua miba kwa vidole mara mbili, akamenya malenge na kuyapitisha kwenye chujio. Tulijaribu kitu kimoja, tukangoja siku tatu, tukajaribu kingine. Wateja walimuuliza tangu lini anapika chakula cha wagonjwa. Aliwajibu kwamba kila mtu ale alichoagiza.

Leo nina miaka thelathini na minne. Ugonjwa haukuondoka, huja na kwenda, nami humeza dawa na kujua ni siku gani naweza kula nini. Mji umebadilika. Hoteli zenye viti vya ngozi sasa zinauza ugali wa mtama na mboga za kienyeji kama chakula cha wenye akili, na wenzangu kazini hunishauri niuache wali mweupe ili nipone. Mimi hucheka tu. Waya alikuwa na maneno yao yote kabla yao, na kwa watu wengi yalikuwa ya kweli. Kibanda chake kilivunjwa zamani, naye anaishi Asembo Bay, kwenye boma la wazazi wake. Nikienda, yeye huwapakulia wageni ugali mweusi na omena, kisha huniwekea mimi wali laini na samaki asiye na mwiba. Kila mara yupo mgeni anayeuliza kwa nini mimi sili kama watu, na kila mara yeye hujibu kwa niaba yangu: "Huyu alikula karibu akufe. Ni mimi nilimpa."

Desemba iliyopita aliyasema tena, na nikachoka kuyasikia. Wageni walipotoka nje, nilimwambia kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba mama hakuwa ameniruhusu, wala daktari. Ilinichukua miaka ishirini na mitatu kuzitamka sentensi hizo fupi. Waya aliendelea kuchambua samaki wangu.

"Nilijua, nyathina, mtoto wangu," alisema. "Mama yako hangekubali hata siku moja. Mimi nilikuwa nataka tu nikuone unakula." Akaisogeza sahani mbele yangu. "Kula, wali inapoa."