Mama mkwe kalihamishia zimwi la hadithi Durban

Wakuu, heshima kwenu.

Hiki ni kisa cha ndani kwangu, hapa Durban, na sijatia chumvi hata chembe. Anayetaka kusema ni chai ruksa, ila asome kwanza amalize.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi duka la simu. Mke wangu Mkongo wa Uvira. Tunaishi flat maeneo ya Point na binti yetu Neema, yuko grade one, pamoja na mama mkwe, ambaye Neema anamwita Koko, yaani bibi.

Sasa kuna siku watu waliandamana mtaani kwetu wakiimba kwamba wageni turudi kwetu. Hawakumgusa mtu. Ila Neema aliwaona, na kuanzia hapo akagoma shule. Ukimvalisha uniform analia mpaka anatapika.

Mke wangu akaanza kusema labda tumpeleke Tanga kwa mama yangu. Mtoto ndiye huyo mmoja, nikimpeleka nabaki namwangalia nani?

Koko akasema, "Muniachie ule mutoto. Nitamuelezea hadithi."

Jioni, baada ya kula, wao wako chumbani, mimi jikoni naosha vyombo, mlango uko wazi.

Akaanza ya zimwi. Hiyo naijua! Bibi yangu alitusimulia sana. Zimwi la msituni linameza kijiji kizima, binti anaimba akiwa tumboni, mwindaji anakata kidole kidogo cha zimwi, watu wote wanatoka wazima.

Namsikia Koko: "Kulikuwa zimwi moja, ilikuwa inakalaka kule Mobeni, mu depot moja kubwa. Asubui inasimama ku robot, inangoja batoto ba masomo."

Mobeni, kule kwenye viwanda? Zimwi linasimama kwenye taa za barabarani?

Tatizo, mama mkwe habishiwi. Kwao hata kumkazia macho ni utovu wa adabu, na tangu nioe hatujawahi kula meza moja. Nikamwita Neema, nikamtuma: mwambie Koko zimwi huishi msituni.

Akarudi mbio. "Koko anasema, wewe ulishaona msitu hapa Point?"

Haya. Kumbe na mwindaji kafutwa! Kisu kashika gogo, yaani bibi kwa Kizulu, yule mama anayeuza mahindi ya kuchoma kwenye kona ya shule. Nikamtuma tena mtoto: hadithi yetu haina gogo.

Safari hii Koko akajibu mwenyewe, kwa sauti nisikie: "Neema, uambie papa yako, hapa mwindaji iko wapi? Mutu wa kisu tunaye ni ule mama wa mahindi!"

Nikanuna. Mimi ni mtu wa original. Cartoon za siku hizi zimeniudhi kitambo: zimwi linaomba msamaha, linacheza dansi, hakuna anayemezwa. Nikajua Koko naye kaingia mkumbo.

Lakini kumezwa hakukutoa. Zimwi lilimeza watoto, mwalimu, taxi na dereva wake. Neema alipiga yowe. Na wimbo ulikuwepo, Koko haendelei mpaka aitikiwe. Nikajikuta naitikia na mimi, sponji mkononi. Koko akacheka, maana alinisikia.

Kidole kikakatwa. Neema akauliza, "Wote walitoka?"

"Bote. Na taxi yao."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Msitu ulikuwa nguo tu, unaweza kuubadilisha. Wale wa cartoon wanabakiza msitu wanaondoa kumezwa. Sasa mtoto ambaye tayari yuko tumboni mwa zimwi utamtoaje kwa hadithi ambayo hakuna aliyemezwa?

Asubuhi Neema akavaa uniform. Hakulia, ila mkono wangu aliubana kweli.

Tulipofika kwenye kona akasimama mbele ya yule mama. Kizulu anakijua kuliko mimi. Akamuuliza kama ni yeye aliyekata kidole cha zimwi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akamtazama. Akanitazama na mimi, mgeni wa wazi kabisa. Kisha akachukua kisu chake cha mahindi, akamwonyesha. Nawawekea kwa Kiswahili alichosema:

"Zimwi lipi? Lile lililokuwa linapiga kelele mtaani juzi? Pita, mwanangu. Likirudi litanikuta hapa."

Neema akaniachia mkono, akaingia getini peke yake.

Mimi nikabaki pale nanunua mahindi ambayo sikuyataka, machozi yananitoka, nasingizia moshi.

Funzo langu: mzee akibadilisha hadithi, sikiliza kwanza amebakiza nini, ndipo unune.

Nyie mnaolea watoto mbali na kwenu, kwenye hadithi zenu zimwi mmelihamishia wapi? Na kisu mmempa nani? Karibuni tuchangie.