Lavonne na Jina la Seneta

Ungempa mtu kura yako kwa sababu alikuja kwenye msiba wako? Lavonne Sedlacek alimpa, na akawaomba wazazi wetu wafanye hivyo hivyo.

Mumewe alipofia shambani, Seneta Merritt Oakes aliendesha gari kutoka jiji la Omaha kwenye theluji, akaketi jikoni kwa Lavonne, akala keki ya tufaha na kumwita kila mtoto kwa jina lake. Tangu hapo, kila uchaguzi, Lavonne alizunguka mji wetu mdogo akigonga milango. "Huyu ni mtu wetu," alisema. Hakuna aliyeuliza mtu wetu anafanya nini Washington. Ndivyo tulivyo hapa: mwanasiasa akikumbuka majina yetu, tunamsamehe mengine yote.

Kumbe alikuwa mstari wa mbele kupunguza fedha za hospitali za vijijini. Yetu ikafunga wodi ya uzazi. Msimu wa baridi uliopita Kelsey, mjukuu wa Lavonne, alijifungulia ndani ya gari, njiani kwenda hospitali ya mbali. Mtoto hakuishi.

Oakes naye ameshafariki. Jumatatu jioni baraza la mji lilikutana kuipa maktaba mpya jina lake, na Meya Duane akamwita Lavonne aje kumsifu.

"Dakika tatu tu, Lavonne. Na usitutoe machozi sana, mke wangu kajipaka wanja."

Watu wakacheka. Lavonne akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Alinifariji, sitalikana hilo. Lakini kura zake ndizo zilizotufungia wodi. Na kura zenu niliziomba mimi. Msimpe maktaba."

"Keti, shoga," rafiki yake Arlys alimnong'oneza. "Marehemu hawezi kujitetea."

"Na kitukuu wangu je, Arlys? Yeye anajitetea?"

Nilipiga makofi, peke yangu. Kisha baraza likapiga kura, na jina likapita bila mpinzani.

"Miaka yote ile nimegonga milango," Lavonne aliniambia tukitoka, "na sikumuuliza yule bwana swali hata moja."

Asubuhi yake nilikuwa mgahawani, ambako Lavonne, Arlys na wenzao hunywa kahawa pamoja kila siku. Lavonne akaingia. Arlys akamwona, akavua koti lake, akaliweka juu ya kiti pekee kilichokuwa wazi mezani pao. Lavonne akaagiza kahawa ya kuondoka nayo, akaisubiri amesimama, akatoka bila kuvua glavu.