Vifuko Kwenye Bakuli la Kombe

Mmea wenyewe ulikuwa mdogo hata aibu kuuita mmea. Shina jembamba kama uzi wa kushonea kofia, ua moja la manjano juu, na chini, matopeni, vifuko visivyozidi chembe ya sukari. Vifuko hivyo ndivyo vinywa vyake. Mdudu wa majini akigusa nywele za mlangoni, mlango hufunguka akavutwa ndani, na safari yake imeishia hapo. Niliung'oa Kwale, kwenye mbuga inayojaa maji wakati wa masika, nikavuka nao Feri kurudi nyumbani, ndani ya mkebe wa samli.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na kiburi cha kazi hiyo ninacho. Nilimwambia mama kwamba jua halitatua kabla sijajua ni spishi gani. Kitabu kilikuwa kimenibakishia mbili, zote za maua ya manjano, zote hujizungusha kwenye majani ya jirani. Ili kuzitenganisha, lazima uone mbegu na mlango wa kifuko. Nikauosha tope taratibu kwenye bakuli jeupe la kauri, maana kwenye weupe ndipo vifuko huonekana. Maji yakabaki na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, iliyopoa. Nikaliweka bakuli kidakani, kile kishubaka cha ukutani, nikalifunika kawa paka asilifikie, kisha nikapanda juu kutafuta lenzi.

Kidakani mlikuwa na bakuli jingine, nami sikulijali. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa hapati usingizi tangu afiwe na mumewe, na mama alimwombea kombe kwa mwalimu wa madrasa: aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya bakuli jeupe, zikaoshwa kwa maji ili mgonjwa anywe. Lilikuwa pale pale, nalo limefunikwa kawa.

Mama mkubwa alifika kutoka Bondeni baada ya alasiri, mama akiwa ametoka. Nilisikia hodi yake nikaitikia huko huko juu, bila kuteremka kumbusu mkono. Kwetu huo ni utovu wa adabu mtupu.

"Hiyo dawa yangu i wapi, mwanangu?"

"Iko kidakani, mama mkubwa. Imefunikwa kawa."

Nilipoteremka, nilimkuta ameketi ukumbini akijifuta midomo kwa pembe ya leso. Bakuli langu lilikuwa mapajani mwake, tupu. Nililitwaa, nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikisaka ua, nikisaka mbegu. Kilichobaki ni kinyuzi kimoja kilichoganda ukingoni. Lile la kombe lilikuwa bado kidakani, halijaguswa.

"Mwalimu ametia na majani mara hii," alisema nyuma yangu. "Yana mtanga mtanga, lakini nimeyanwa yote. Nimesoma bismillahi nikayanwa."

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilikaa chini, uso ukiniwaka, nikamweleza kwamba maji yale yalikuwa ya tope, na majani yale yalikuwa mmea wangu, wenye vinywa vidogo.

"Mmea gani?"

"Sijui bado."

"Una sumu?"

"Sidhani. Wenzake hawana."

"Hudhani." Aliweka mkono tumboni. "Na mmea huo wala nini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Wadudu," nikasema.

Nilimpeleka kwa daktari, na daktari alitaka jina la kitu alichokunywa, tena mbele ya mama mkubwa, nami nikaanza kueleza habari za spishi mbili zinazofanana mpaka akaniomba ninyamaze. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu mzima, na mama yangu mkubwa amekaa pale akinitazama nikibabaika kama mwanafunzi ambaye hakusoma.

Alhamdulillahi, hakuugua. Jumamosi iliyofuata nilirudi Kwale nikapata mmea mwingine wenye mbegu zilizokomaa, na safari hii niliufanyia kazi shuleni. Niliujua. Nikaenda Bondeni na jina lake kamili la Kilatini na kisahani cha halua. Nikambusu mkono, nikakaa, nikamweleza habari za mbegu, habari za mlango wa kifuko, na kwamba hauna madhara kwa binadamu. Nilisema sana. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikishalitaja jina, ile aibu itaniondoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nilirudie jina, akalitamka vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

"Siku ile ulipoteremka ngazi, ulitizama bakuli kwanda, mimi baadaye."

Nikasema ndiyo.